Sifuri ya Mwalimu Sabiri

Mwanne, nimemuumbua Mwalimu Sabiri. Mbele ya watu!

Leo nilikuwa nasoma ripoti ya jarida letu la uchumi kwenye kikao cha wahariri, makala ipi imenukuliwa mara ngapi. Nikafika kwenye moja inayohusu wakulima wa tumbaku wa Goweko. Nikasema hii sifuri, miaka kumi na minne hakuna aliyeinukuu, tuache kuchapa za namna hii.

Orodha yangu ina vichwa tu, haina majina. Kumbe yake. Na yeye wamemwalika, kakaa kiti cha mwisho na kofia yake ya Ijumaa.

Akauliza taratibu, "Hata mara moja?"

Nikajibu hata mara moja. Mimi huyu.

Akasema, "Umehesabu vizuri, mwanangu." Vilevile alivyokuwa akituambia darasani. Kisha akavua miwani akawa anaifuta, anaifuta tu.

Nimetoka kuisoma hiyo makala. Ndiyo yale madesa ya somo lake aliyotugawia chuoni mwaka wa pili, yasiyo na jina la mwandishi. Sura ya tatu ya tasnifu yangu ni yake yote, sijamtaja popote.

Na yako pia, Mwanne. Nimeiangalia.