Omuramura wa Baba Devota

Jumanne. Kiangazi kimekaza, vumbi limekaa juu ya majani ya migomba kama unga. Leo moyo wangu umetulia, kwa hiyo naandika.

Tangu tumzike mume wangu, Baba Devota, bomba la kitongoji chetu limekauka. Yeye ndiye alikuwa mtunza bomba wa kamati ya maji, tangu lilipowekwa baada ya vita ya Uganda. Kila masika yakiisha alifungua koki iliyofukiwa ardhini, tope likatoka, maji yakaendelea kuja. Sasa koki hiyo iko wapi, hakuna anayejua. Kamati nzima ilimwachia yeye. Tunashuka bondeni na ndoo, tunachota pale pale ng'ombe wanapokunywa, na watoto wameanza kuharisha.

Wanaume wamechimba wiki nzima. Jana mwenyekiti wa kamati alinikuta njiani, akanitania: "Shemeji, ndugu yetu ameondoka na maji yetu mfukoni!" Nilicheka naye. Nilipofika nyumbani sikuweza kula.

Sikutaka akumbukwe hivyo.

Leo asubuhi nilikwenda ukingoni mwa kiwanja kukata tawi la omuramura, mmea wetu wa mipaka, nikalipande kaburini. Shina lile lina makovu mengi ya panga. Nikasimama nayatazama. Nikamwona tena akitoka kwenda bombani, jembe begani, na vijiti vya omuramura amevifunga kwa kamba ya mgomba. Siku moja nilimtania, "Leo unampimia nani kiwanja?" Akacheka. "Huu ng'ombe hawaugusi, na watu hawaung'oi."

Mimi nilidhani anawagawia majirani.

Nilikwenda kwa mwenyekiti bila hata kunywa uji. Tukaufuata mstari wa bomba mpaka kwenye migomba ya Ma Paskazia, bibi anayeishi peke yake. Pale upo omuramura mmoja. Wanaume walikuwa wamechimba upande huu na upande ule, wao wenyewe wakauruka. Nani achimbe mpaka wa watu?

Ma Paskazia akatoka na ufagio mkononi. "Msiguse! Mkiung'oa huo tutaonana kwa balozi wa nyumba kumi!"

"Shikamoo, mama," nikasema. "Huu mpaka wako na nani?"

"Na shemeji yangu." Akatazama upande wa juu wa shamba, akatazama wa chini. "Hapana. Wa shemeji uko kule. Mimi siku zote nilijua huu kaupanda yeye."

"Na yeye siku zote anajua umeupanda wewe," mwenyekiti akasema, akavua koti.

Hatukuung'oa. Mwenyekiti alichimba kando yake taratibu, jembe likagonga zege. Chini ya mfuniko ilikuwamo koki. Ilitoa tope jeusi muda mrefu, kisha maji mekundu, kisha maji. Jioni bomba letu lilikohoa, likatema upepo, likaanza kutoa. Ma Paskazia ndiye aliyekinga wa kwanza, na ufagio bado uko kwapani.

Baba Devota hakuondoka na kitu mfukoni.

Nimekaa nawaza. Aliiwekea koki alama mahali pa wazi kabisa, na kila mtu aliipita kwa heshima. Kamati haikuwahi kumuuliza, kwa kuwa maji yalikuwa yanakuja. Naye hakusema, labda kwa kuwa kwake lilikuwa jambo dogo la kazi. Mimi niliuliza kwa utani, nikajibiwa kwa utani, nikarudi kumenya ndizi.

Jumapili baada ya misa kamati yote itautembea mstari wa bomba, tangu chanzo hadi huku chini, na safari hii wanawake pia. Mwenyekiti ameniomba nitangulie, niwaonyeshe kila omuramura usio wa mpaka. Nimekubali. Si yote ninayoijua, lakini tutakuwa wengi wa kutazama.

Tawi nililokata asubuhi limo ndani ya ndoo, kwenye maji ya bomba. Kesho nitakwenda kulipanda, nitamchukua na binti yetu Devota. Nitamwambia kwa mdomo wangu, wazi, hapa amelala nani na kwa nini tumeweka mmea huu.

Sitamwachia akisie.