Dakika Hamsini Angani

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini goti limepunguza kukusumbua. Dada mkubwa ameniambia umeanza tena kubeba ndoo mwenyewe. Mama, tafadhali, hebu waachie wajukuu. Mimi sijambo.

Nimefika salama. Najua ulinisihi nije kwa basi, na nilikuwa nimekubali. Lakini daraja limesombwa na maji, na huku kazini walikuwa wananisubiri. Nikapanda ndege. Nisamehe.

Ilikuwa ndege ndogo kiasi kwamba mpimaji mizigo alitupima na sisi abiria, akatupanga kwenye viti kwa uzito kama magunia. Mama mmoja mnene aliyekaa mbele yangu alisema leo kilo zake zimepata heshima. Watu wakacheka. Mimi nilikuwa namfikiria baba, aliyepanda ndege kama ile, na hatukurudishiwa hata kiatu chake.

Kisha rubani akasema kwenye kipaza sauti: "Ndugu abiria, umbali wetu ni kilomita mia mbili na themanini. Tutakuwa angani dakika hamsini, Mungu akipenda." Kusikia hivyo nikafungua mkanda. Nilitaka kushuka, lakini mlango ulishafungwa. Sababu nitakueleza.

Mwanzo kulikuwa shwari. Halafu tukaingia kwenye wingu jeusi, ndege ikadondoka ghafla. Yule mama akapitisha mkono pembeni ya kiti akanishika, kucha zikaniingia. Tulipokaribia kutua, nilichungulia dirishani nikaona vichwa vya miti badala ya uwanja. Injini ikanguruma, tukapanda tena juu. Tukazunguka, tukazunguka. Zile dakika hamsini zilikuwa zimepita zamani na hakuna aliyethubutu kuuliza. Rubani alitutuliza kwamba mafuta yapo, tunangoja mvua isogee. Alizungumza polepole sana. Ndani ya ndege ile ni mimi peke yangu niliyejua kwamba akizungumza polepole namna ile, ameogopa.

Hatimaye wingu lilipasuka kidogo, tukatua kwa kishindo, na watu wakalia kama walio msibani.

Sasa nikwambie, mama. Rubani yule ni kitinda mimba wako. Ile kazi ya kupakia mizigo anayokusimulia aliiacha zamani. Mjomba alimsomesha urubani kwa siri, kwa kuwa uliapa hakuna mwanao atakayepita njia ya baba. Hata mimi sikujua mpaka niliposikia sauti yake. Alipotoka, shati limelowa mgongoni, aliniona akasimama kama mtoto aliyevunja sahani. Akasema, "Dada, usimwambie mama."

Nikamjibu kwamba nitakwambia, maana ikitokea siku hakurudi, sitaki uambiwe na redio.

Nilitaka kumwomba aache. Badala yake nikamfulia lile shati. Sasa hivi amelala chumba cha pili, na kesho anaruka tena. Jumamosi zamu yake inamleta huko. Nimemwambia aje na sare yake, asijifiche. Mfokee utakavyo, mama, lakini mfungulie mlango.

Wasalimie dada, watoto na majirani wote wanaoniulizia. Kila usiku tumwombee.

Ni mimi, binti yako wa pili.