Kivuli cha Kijiti na Kifungu cha Wajane

Ndugu yangu Nassor,

Watu wengi hukosea hapa: hudhani mswada ukishagusa fedha, baraza la juu halina la kufanya ila kuitikia. Mimi, mwalimu mzima wa sheria, nilikuwa miongoni mwao. Ukanichukua hadi kijijini Al Qabil, ukanisimamisha penye kijiti ambacho kivuli chake hupima zamu za maji ya falaji, mfereji unaomwagilia mitende. "Tazama, maalim. Nikimpa Bi Asha zamu, nimeongeza maji?" Nikasema la. "Basi nimegawa kivuli upya. Na sisi kule barazani ndivyo."

Baraza la juu laweza kurekebisha mswada. La chini likikataa, mabaraza yote mawili hukaa pamoja yakapiga kura. Lakini wewe, mjumbe wa baraza la juu, ulijiwekea sharti: anayeleta kifungu chenye gharama aonyeshe fedha zitatoka wapi. Mswada wa kukarabati mifereji uliwataja walioandikwa katika daftari la zamu za maji tu. Wajane kama Bi Asha, waliorudi kutoka Pemba wakapewa maji na jamaa zao kwa mdomo, hawamo. Ukawaingiza, ukaandika kwa mkono wako kwamba fedha zitoke kwenye fungu la vibao vya mapambo kando ya mifereji. "Vibao havizai tende!" Ukacheka mpaka kofia ikakuanguka.

Uliniachia karatasi hiyo niisahihishe Kiarabu chake. Kesho yake tukakuzika.

Tangu hapo sijui lini nimeamka, lini nimelala. Nikifumba macho baada ya adhuhuri nakuona unatembea ndani ya falaji, viatu mkononi, na maji hayatikisiki.

Baraza la chini limekikataa kifungu chako, na kikao cha pamoja ni kesho. Barazani wameulizia karatasi yenye saini yako, inayoonyesha fedha zitokako; bila hiyo kifungu kitaanguka. Nimewajibu naitafuta. Nassor, nimesema uongo. Imo chini ya mto wangu. Ndio mwandiko wako wa mwisho, na bado unanukia udi wa kanzu yako.

Jana Bi Asha alinipigia simu. "Maalim, mitende yangu yakauka vilele. Nassor aliniambia ningoje, nami nangoja."

Zuwena, binti yako, ndiye anayeniandikia haya, macho yangu yamechoka. Hapa amesita. "Ami, kumbe unayo?"

Ninayo.

Mola akulaze pema, ndugu yangu. Nakuahidi kwamba maji yakifika kwa Bi Asha nitakwenda kukaa pale, niutazame mwandiko wako ukipita.

Zuwena, inua mto, chukua karatasi, uipeleke barazani leo.