Ndoo ya Unga wa Shakila

Newala, Jumanne asubuhi

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Naomba mgongo uwe umepata nafuu na mvua iwe imewafikia huko Chiungutwa. Mimi na huyu mdogo tunaendelea, ila hanyonyi akatulia, nami mstari huu nimeuanza mara tatu. Kabla hujasoma zaidi, Mama, ifunike ile ndoo ya unga wa uji wa Shakila. Usiiguse mpaka umalize barua.

Unajua nachambua karanga ghalani kwa Mama Charles. Mwezi uliopita ulikuja mzigo kutoka ng'ambo ya Ruvuma. Dada mkaguzi akasema chakula cha kutoka nje hakiuzwi mpaka kipimwe, akachota kidogo kila gunia. Majibu yakarudi: zina sumukuvu, ile sumu ya ukungu, kupita kiwango kinachoruhusiwa. Zifukiwe zote. Mama Charles akaja juu, mbona sisi tumezila tangu utoto, nani amekufa? Yule dada akamjibu kwamba waliokufa hawaji ghalani kubishana. Tulicheka, hata Mama Charles. Yule dada akasema sumu hiyo haionekani, haitoki kwa kuosha wala kukaanga, na huharibu ini taratibu, watoto ndio huumia zaidi.

Mimi sikumwamini. Karanga mbovu naijua kwa vidole, hata nimefumba macho. Siku ya kwenda kuzifukia nilifunga zile nzurinzuri kwenye khanga, nikaziosha kwa maji ya kununua, nikakaanga, nikasaga na mahindi, nikakutumia ndoo hiyo umpikie Shakila uji. Nikakwambia zimetoka shambani kwa Oliva, Lulindi. Sivyo, Mama. Ni zile.

Juzi mkaguzi alirudi kutufundisha. Akaweka mabakuli mawili, akaniambia mimi fundi nichague lililo salama. Nikachagua lenye karanga nene, nyeupe. Akasema hilo ndilo la magunia yale.

Na kuna baya zaidi. Jana nilipompigia Faruku akupe simu, aliweka sauti kubwa kama kawaida yake, nikasikia watu wamejaa barazani kwake. Nikaona haya. Nilipotaja unga ukauliza una nini, nikasema wadudu tu, uchekeche. Ukacheka, ukasema Shakila ameshauzoea, akiukosa analia. Tangu hapo sijakaa chini.

Mkaguzi nimemweleza. Hakunigombeza, aliniuliza tu mtoto ameula siku ngapi. Amesema apelekwe zahanati. Mpeleke leo, Mama, si kesho. Akililia uji mpe muhogo wa kuchemsha, mvumilie. Unga usiwape kuku, usiumwage. Mpe Salmini wa bodaboda, huyo aliyekuletea barua, pamoja na ndoo yake. Nimemwambia asiondoke bila hiyo.

Msalimie Baba, na Faruku pia, hana kosa. Mimi nitakuwa hapa stendi na mdogo mgongoni, nikimngoja Salmini arudi na ndoo. Ndoo ile niliijaza mpaka ukingoni, Mama. Nataka kuona unga umeshuka mpaka wapi.

Ni mimi mwanao,
Mwanaisha, Mama Shakila