Kwa Mjomba Philibert, Habari za Mjane

Mtaa wa Gatini,
Roanne.
Jumapili, 13 Aprili 1913

Mpendwa Mjomba Philibert,

Pokea salamu zangu, pamoja na za dada yako, ambaye yuko hapa jikoni anachambua maharage na kuniuliza kila baada ya muda kama nimeshauliza habari za goti. Basi nauliza: goti laendeleaje? Binti yako Clotilde alituandikia kwamba jua la Oran limelilegeza, na kwamba siku hizi unateremka mpaka bandarini bila fimbo. Tulifurahi sana kusikia hivyo.

Sisi huku tu wazima. Kikohozi cha Mama kimepungua tangu baridi ilipoondoka. Mke wangu Benoîte na watoto hawajambo. Ule mpeasi ulioupanda nyuma ya kibanda ulichanua mapema, tukauogopea jalidi, lakini umesalimika.

Barua yako ilitufikia wiki ya Pasaka. Mama aliisoma kwa sauti mezani. Uliposema kwamba utapanda meli uje kwa Pentekoste, na kwamba unataka kusimama tena mahali pako pa zamani juu ya Mjane, ile mashine yako ya treni, upande naye mwinuko wa Sept-Fontaines, watoto walipiga makofi. Ilinipasa nikujibu siku ileile. Niliahirisha, na tangu mwisho wa Machi nimeketi na kalamu mara nyingi, na kila mara nimeishia kwenye tarehe.

Mjomba, Mjane hayuko tena mikononi mwangu. Nakuomba usome mpaka mwisho kabla hujamwambia Clotilde neno lolote.

Ilikuwa Jumatatu ya tarehe 31 Machi. Unaijua tabia yangu ya kuandika shajara, maana umenicheka nayo tangu nilipokuwa sekondari. Siku ile niliandika: "Mvua. Upepo wa magharibi." Sikuongeza neno.

Tulikuwa na treni nzito ya makaa ya mawe. Pale stesheni ya chini, Poncet alikuwa anangoja na mashine yake ya kusukuma treni kwa nyuma mwinukoni, kama kawaida yake. Akachungulia dirishani, sharubu zikidondosha maji, akapaza sauti ili watu wote wa stesheni wasikie:

"Haya, mpwa wa Philibert! Leo nikushike makalio, au umeshajua kutembea mwenyewe?"

"Kamsukume mama mkwe wako!" nikamjibu. "Mjane hasukumwi!"

Watu wakacheka. Nami nikacheka. Crozet, mchochezi wangu wa moto, hakucheka.

"Mkuu, reli zimelowa," akaniambia polepole. "Akitusukuma, nani atakufa?"

"Mzee Philibert angepanda peke yake."

Hayo ndiyo niliyosema, Mjomba. Nililitaja jina lako. Na mimi nilikuwa mchochezi wako miaka yote ile, najua kwamba siku za mvua wewe ulikuwa wa kwanza kumpigia Poncet filimbi aje nyuma, tena ukimwahidi glasi ya divai. Sifa ya kupanda bila msaada waliieneza wengine, wewe uliicheka tu. Mimi niliichukua nikaivaa kama kofia yangu.

Tukapanda. Magurudumu yaliteleza, nikamwaga mchanga relini, yakashika, yakateleza tena. Karibu na kile kibanda cha mlinzi wa reli mvuke ulianza kupungua. Crozet akanyoosha mkono afungue maji yaingie kwenye boila. Nikamshika mkono.

"Acha kwanza. Ukiingiza maji baridi sasa mvuke utashuka, tutakwama hapa na Poncet atatuimba mwaka mzima."

"Mkuu, maji."

"Kioo kimejaa, huoni?"

Naam, kioo kilikuwa kimejaa. Wewe mwenyewe ndiye uliyenifundisha, siku yangu ya kwanza na koleo mkononi, kwamba kioo cha kupimia maji ya boila ni mwongo wakati wa kupanda. Pua ya mashine ikiwa juu, maji yote hukimbilia nyuma, kwenye tanuri na kwenye kioo, nawe hudhani una ziwa zima. Ukivuka kilele pua huinama, maji hukimbilia mbele, na dari ya tanuri hubaki kavu juu ya moto. Nilikuwa najua. Sikusahau hata kidogo. Nilijidanganya tu kwamba nitavuka kwanza, maji nitayafikiria baadaye.

Tulivuka. Nikampiga Crozet begani, nikasema, "Umeona?" Hata sijafunga mdomo, kioo kikawa kitupu, kisha tukasikia ule mvumo ambao hakuna dereva anayetaka kuusikia. Kile kizibo cha madini ya risasi, kinachowekwa kwenye dari ya tanuri ili kiyeyuke maji yakikosekana, kilikuwa kimeyeyuka. Mvuke ukashukia tanuri ukauzima moto wote. Namshukuru Mungu mlango wa tanuri ulikuwa umefungwa, la sivyo Crozet angeungua.

Mjane akanyamaza. Kwa mkono wangu mwenyewe nikaandika ombi la msaada, na gadi wa treni akashuka nalo kwa miguu kwenye mvua. Unajua ni nani aliyekuja. Nilikuwa nimejiandaa kwa kejeli zake zote. Poncet alifunga mnyororo, akaitazama mashine, kisha akavua kofia, kama mtu aliyeingia nyumba ya msiba. Heri angenitukana.

Wenzetu karakanani hawakunihurumia hivyo. Kama desturi ilivyo kwa dereva aliyekwama njiani, kesho yake nilikuta kabichi kwenye ndoano ya koti langu. Nikalificha ndani ya mfuko nikaenda nalo nyumbani nikitaka kulitupa mtoni, lakini Benoîte akaliona. "Zuri hili! Umelipata wapi?" Nikasema nimepewa. Akalipika na soseji na nyama ya chumvi. Watoto wakaomba waongezewe. Nami nikala aibu yangu kwa kijiko mpaka sahani ikaisha.

Kama yangekuwa hayo tu, Mjomba, ningekuandikia mapema. Kabichi huliwa likaisha. Jambo linalofuata ndilo lililoizuia kalamu.

Tuliitwa mbele ya Bwana Mazoyer, mkuu wa karakana. Aliuliza swali moja: "Nani alikuwa anaangalia maji?" Nilifungua mdomo, nakuapia niliufungua. Crozet akanitangulia.

"Mimi, Bwana Mkuu. Nilizubaa."

Bwana Mazoyer akanigeukia. "Ndivyo, Verchère?"

Nikatazama kofia yangu. Sikusema ndiyo, sikusema siyo. Akaandika.

Tulipotoka nje Crozet alinivuta pembeni. "Mkuu, usiumie. Wewe una watoto, tena una jina la mzee. Mimi watanikaripia tu, yatapita."

Hayakupita. Kwanza walitunyang'anya Mjane, na hilo nililitazamia. Lakini Ijumaa ubao wa matangazo ulibandikwa majina ya wachochezi watakaofanya mtihani wa udereva mwezi Juni, na la Crozet halikuwamo. Miaka yote hii amejisomea kwa mshumaa. Mara ngapi alikuja hapa nimsaidie hesabu za mvuke, akiwa na mkate wake mfukoni ili asitugharimu chakula! Aliyafuata majina kwa kidole mpaka la mwisho, kisha akaniona. Akatabasamu. "Basi mwaka mwingine, mkuu," akasema. Ilhali sote tunajua kwamba anayeandikiwa kosa la kizibo haitwi mwaka mwingine.

Jana nilikwenda kwa Bwana Mazoyer nikamweleza yote: kwamba Poncet alitaka kutusukuma nikamkataa, kwamba Crozet alitaka kuingiza maji nikamshika mkono. Alinisikiliza bila kunikatiza. Kisha akasema, "Crozet alikuwa anakulinda wewe. Na wewe, Verchère, siku ile ulipotazama kofia yako, ulikuwa unamlinda nani?"

Niliiweka kofia mezani kwake, nikatia sahihi maelezo yangu.

Jina la Crozet limerudishwa. Mimi nimeshushwa, na kuanzia kesho nitakuwa kwenye kile kimashine cha kupanga mabehewa pale yadi. Sijui ni kwa muda gani. Nilidhani Crozet atanishukuru, kumbe alinijia juu: "Umenifanya mwongo mbele ya Bwana Mazoyer!" Alinuna mpaka jioni, halafu akaja kuazima kitabu cha hesabu. Mama na Benoîte nimeshawaeleza. Mama aliendelea na maharage yake, na kwa namna anavyoyatupa kwenye bakuli naelewa.

Limebaki jambo la konokono. Mjane amekarabatiwa, na amepewa Poncet. Unajua kwamba timu inayopoteza mashine hung'oa mapambo yake kwa mikono yake. Basi jana baada ya kutoka kwa Bwana Mazoyer nilichukua bisibisi nikaenda kumng'oa yule konokono wa shaba uliyemfunga mbele ya Mjane mwaka ule alipotoka kiwandani. Nilimkuta amesuguliwa mpaka anang'aa. Poncet alikuwa pale na kitambaa mkononi.

"Rudisha bisibisi," akasema. "Huyu si wako. Ni wa mzee."

Kisha akaongeza kwamba ukija Pentekoste atakupandisha mpaka kileleni. Amesema pia kwamba bado unamdai glasi za divai, au wewe ndiye unayedaiwa; hilo mtalimaliza wenyewe.

Kwa hiyo njoo, Mjomba. Nilitaka kukuandikia usije, nikaona hiyo itakuwa ni kutazama kofia kwa mara ya pili. Mkitoka stesheni mtapita kando ya yadi, nami nitakuwa upande wa kushoto, kwenye kile kimashine kidogo, nimesimama. Ukinipungia mkono, nitaelewa. Usiponipungia, nitaelewa vilevile, wala sitakunung'unikia.

Nisalimie sana Clotilde, mumewe Gaspard, na wajukuu wote. Mama anasema uvae fulana ya sufu melini hata kama ni Mei. Benoîte anasema chumba cha juu ni chako. Crozet naye anakuamkia. Mungu alitunze goti lako na akuvushe bahari salama.

Mpwa wako akupendaye, akiwa ameinamisha kichwa,

Aimé Verchère