Tata, Hisa Haifungwi Kamba

Tata,

Baba yangu, nimeshindwa kukaa chini. Naingia mashineni, natoka, nafagia pumba niliyokwisha kuifagia. Mama ananiambia nitulie na yeye mwenyewe hatulii. Ngoja nikuandikie, maana nisipokuambia wewe nitapasuka.

Mdogo wako, baba mdogo Marwa, alichukua mashine ya kukoboa.

Siku ya kumaliza msiba wako wazee waligawa ng'ombe vizuri tu. Mimi sikupewa na wala sikutegemea, mtoto wa kike huku kwetu hapewi ng'ombe, yeye ndiye wa kuleta ng'ombe nyumbani akiolewa. Sikununa hata kidogo. Tulipotaka kuamka, baba mdogo akasimama akasema bado mashine za mjini Tarime. Ya kukoboa ni yake, maana aliuza maksai wake ndipo ikanunuliwa. Ya kusaga wapewe wanao wa kiume. Na mimi? "Bhoke ataolewa." Basi, nikawa nimemalizwa hapo. Wazee wakaitikia kwa vichwa.

Nikasema jamani, ile ni kampuni, Tata aliiandikisha, ina hisa. Nusu yake, robo ya baba mdogo, robo yangu. Akanigeukia mbele ya watu wote: "Hisa yangu iko wapi? Nionyeshe niifunge kamba niondoke nayo." Watu walicheka, Tata. Walicheka mpaka wakapigana mabega. Na mimi uliyenisomesha biashara nikabaki nimeshika pindo la kitenge. Kesho yake akaja na trekta kutoka Itiryo, wakaing'oa mashine mchana kweupe.

Unajua kilichofuata. Mama lishe wote wa sokoni wanataka sembe, na bila kukoboa hakuna sembe. Wakija wanachungulia, wanaliona lile shimo la nati sakafuni, wanabeba mahindi yao kwingine. Ya kusaga nayo ikawa inashinda imezimwa. Na huko Itiryo je? Kwa baba mdogo umeme ni wa sola, wa kuwashia taa na kuchaji simu. Alifunika mashine kwa turubai, kuku wakalala juu yake. Nilipoambiwa hivyo nilitaka kucheka, nikajikuta nalia kwa hasira.

Nikaenda kwa afisa biashara, dada mmoja aliyehamishiwa hapa kutoka Iringa. Akanieleza taratibu, kama anaongea na mgonjwa. Kwamba mashine ni mali ya kampuni, si ya Marwa wala ya Bhoke. Hisa ni sehemu yako ya kuimiliki kampuni nzima. Faida ikigawiwa unapata gawio lako, mambo yakiamuliwa una kura yako, ukichoka unauza hisa zako, lakini hung'oi hata nati moja. Halafu akaongeza, kwa upole tu, kwamba mwenye hisa akifa hisa zake huenda kwa warithi, kampuni yenyewe haifi.

Nilimkasirikia yule dada bure. Niliondoka hata bila kumuaga vizuri. Kitu gani hiki, Tata, ulichokianzisha mwenyewe, wewe unakufa chenyewe kinabaki?

Nikapanda pikipiki mpaka Itiryo. Shikamoo baba mdogo, akaitikia huku anaangalia pembeni. Sikumsomea sheria. Nikamuuliza, ulipokuwa unafunga maksai wako jembe moja na maksai wa jirani, uliwahi kumwambia jirani kwamba mstari huu umelimwa na wa kwako? Akasema, "Wewe! Nani anaongea hivyo? Tunalima shamba zima." Nikamwambia basi ndiyo hivyo, maksai wako yumo kwenye mashine zote mbili, na ulipomtoa nusu umelisimamisha jembe lote, hata upande wako haulimwi. Kisha akaniuliza swali lililokuwa linamuuma kweli: "Na wewe ukiolewa?"

Nikamjibu palepale. Nikiolewa naondoka mimi. Hisa zangu zinabaki kwenye kampuni, na bado ni zangu.

"Kaka alinificha hili," akasema. Hukumficha! Nikamkumbusha kwamba mlisaini pamoja, ila yeye siku hiyo alikuwa na haraka ya kuwahi mnada.

Jana ameileta mwenyewe. Amenuna, uji wa Mama amekataa. Fundi wakati anaifunga akauliza mwenye mashine ni nani aje amshikie. Baba mdogo akakuna kichwa weee, mwisho akasema, "Ya kampuni hiyo. Bhoke, shika huku, mimi nashika huku."

Tukashika. Fundi akaiwasha, ikanguruma vilevile, Tata, vilevile kabisa. Nikasubiri upige kelele, "Punguzeni mahindi, mtaunguza mota!" Hakuna aliyepiga kelele. Nikatoka nje nikalia nyuma ya choo. Kumbe nilichokuwa napigania wiki zote hizi nimekipata, na wewe mle ndani hupo. Robo yangu yote ningeitoa ukohoe tu hapo mlangoni kwa vumbi la pumba.

Haitakuwa, najua.

Basi sikiliza. Sitauza. Baba mdogo atapata gawio lake na kiti chake kikaoni, hata akija amenuna. Na atakayetaka kunioa ataambiwa mapema, kabla hajaleta hata ndama. Upumzike, Tata. Wateja wameshaanza kuita huko mbele, wacha niende.

Mwanao, na mwenye hisa mwenzako,

Bhoke