Kesho Ina Mimba, Yaya

Jeppestown, Johannesburg

Yaya Nsimire, dada yangu mpendwa,

Hamjambo huko Bukavu? Magoti ya mama yanasemaje? Mimi ni mzima, tena mzima wa kurukaruka! Epua sufuria kwanza, ukae, ndipo usome.

Mara ya mwisho tulipoongea nilikuambia paa la karakana yetu limeanguka, cherehani yangu imefukiwa humo, na mimi narudi nyumbani. Sikutania. Nilikuwa nimeshafunga begi. Niliona aibu kurudi mikono mitupu, lakini fundi bila cherehani atakula nini?

Basi nikaenda kumuaga Papa Ikenna, yule Mwigbo wa Nigeria anayeuza vipuri vya friji ng'ambo ya barabara. Nikamkuta ameketi na ndugu zake. Kwao mgeni hapokewi kwa chai, anapokewa kwa kola, kokwa fulani chungu. Sahani ikapitishwa mkono kwa mkono hadi kwangu. Nikachukua moja, nikaing'ata kwa adabu zangu zote.

Yaya, aibu gani! Kumbe ukipewa ile sahani unaitazama tu, kisha inarudi kwa mwenye nyumba aiombee. Mzee mmoja alishika kichwa.

"Eish, fundi!" Papa Ikenna akasema. "Umeanza kula Mungu hajafika!"

Walicheka mpaka wakafuta machozi. Kile kipande kilikuwa kichungu kama kwinini, nami sikujua niteme au nimeze. Nikameza.

Akaleta nyingine, akaiombea kwa Kiigbo, maana wanasema kola haisikii lugha nyingine. Tulipokwisha kugawana, nikaaga.

"Unakwenda wapi?" akaniuliza. "Sisi tunasema kesho ina mimba. Wewe nani amekuambia itazaa nini?"

"Papa, cherehani imezikwa."

"Tunasema pia, kitu kikisimama, kingine kinasimama kando yake. Wewe ulitaka kusimama kando ya nani, ya begi? Kesho asubuhi tunachimba."

Wakaja kweli, na makoleo, pamoja na Wazulu wawili wa hosteli ya wafanyakazi ya jirani ambao hata jina langu hawakulijua. Tukaitoa, yaya! Meza imevunjika, lakini kichwa cha cherehani ni kizima, kilijaa vumbi tu. Papa Ikenna akasukuma mafriji yake ukutani, akanipa nusu ya duka. Sasa nashona sare za kwaya huku yeye akigombana na wateja. Nina furaha mpaka naimba, na sauti yangu unaijua!

Nilidhani nimeshaijua kesho yangu yote, nikaifungia kwenye begi. Kiburi hicho, yaya. Hata kukata tamaa kuna kiburi chake.

Nisalimie shemeji, mwambie seremala mwenzake amenitengenezea meza mpya, ila hamfikii yeye kwa ufundi. Nisalimie baba mdogo na wanafunzi wake watundu, na shangazi wa sokoni, nimekumbuka sana dagaa zake.

Kwa hiyo sirudi. Najua hapo umeiweka barua chini, na najua mama ameshapaka chokaa chumba changu. Msikifunge kikaningoja. Yule mama uliyenisimulia, aliyekimbia vita, anayelala na watoto wake kwenye sakafu ya kanisa lenu, mpeni yeye. Mpeni na kitanda.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye,
Mugisho